Mafuta ya Harufu ya Dukani na Ngozi Zilizotufundisha Kazi

Vijana wangu wa kiwandani Panda, hapa Likasi, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Sitaandika jinsi nilivyopanda cheo, kwa sababu kwetu hapakuwa na ngazi ya kupanda isipokuwa ile ya mbao ya kufikia rafu ya juu, nayo ilivunjika. Nitaandika juu ya vile vichupa vya kahawia vya mafuta ya harufu, vinavyouzwa madukani karibu na mishumaa na dawa ya mbu, na yaliyotupata tulipovitia ndani ya losheni za kuuza. Mapishi mnayo tayari. Ninalotaka mlijue haliko kwenye mapishi. Na Kiswahili changu hapa nimekivisha nguo ya Jumapili. Maneno ya watu nimeyaacha na nguo zao za nyumbani.

Nilipofika mara ya kwanza nilitarajia kuona kiwanda. Niliona nyumba ya kambi ya wafanyakazi kama ile nilimozaliwa, yenye baraza la saruji na bati lililopigwa rangi upande mmoja tu. Ndani palikuwa na sufuria, jiko la makaa kwa siku ambazo umeme umekatika, yaani karibu kila siku, na mashine ya kusagia matunda ambayo kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpira ule ulikuwa na kazi kubwa. Siku ulipokatika, losheni iliruka hadi darini, na kwa muda mrefu dari letu lilikuwa na ngozi laini kuliko sisi.

Mwenye kiwanda alikuwa Madame Georgette, mama wa asili ya Kasai aliyewahi kuuza dawa katika famasi moja ya mjini. Alikuwa na pua ya ajabu. Angeweza kukuambia ulikula nini jana, na mara nyingi alikuambia bila kuulizwa. Aliyesimamia sufuria ni Papa Donatien, mzee aliyestaafu maabara ya kupima mawe ya shaba, mwembamba, asiyecheka, aliyevaa koti jeupe lenye matundu ya asidi kifuani. Yeye ndiye aliyenifanyia mtihani. Alichovya vipande vya karatasi katika vichupa mbalimbali, akanipa nivinuse, akauliza kila kimoja kina harufu ya nini. Nilinusa vyote kwa bidii. Mwishowe nikamwambia ukweli.

“Minye nasikia tu harufu ya sabuni ya kufulia, Papa.”

Alimgeukia Madame na kumwambia kwamba waliotangulia wote walitaja maua ambayo hawajawahi kuyaona. Basi nikaajiriwa kwa sababu ya pua mbovu. Madame Georgette hakufurahi, lakini Papa Donatien alisema nyumba yenye pua kama ya Madame haihitaji nyingine.

Papa Donatien alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayafanya hata nikiwa nyumbani kwangu. La kwanza: usihesabu matone, pima kwa mizani. Tone la chupa hii si tone la chupa ile, na tone la mtu anayepiga chafya si tone kabisa. La pili: kichupa cha dukani ni mgeni asiye na kitambulisho. Kimeandikwa “safi” mbele kwa herufi za dhahabu, na nyuma, kwa herufi za kusomwa na mchwa, kimeandikwa mambo mengine. Kwa hiyo weka tone kwenye karatasi nyeupe, uache likauke. Mafuta safi ya harufu, mengi yao, huondoka yakaacha karatasi karibu ilivyokuwa. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa kama chini ya andazi. Tulipopima lavenda ya kwanza niliyoiona maishani, lile doa lilikuwa kubwa hata Madame akauliza kama tumeanza kukaanga.

Ugomvi wao wa kudumu ulikuwa huo. Papa Donatien alitaka mafuta yanunuliwe kwa wauzaji wa viwanda huko Lubumbashi, yanayokuja na karatasi ya uchambuzi inayosema ndani mna nini na kiasi gani kinafaa kwa ngozi. Madame alitaka kupita dukani, kunusa, na kurudi na kikapu siku hiyohiyo.

“Makaratasi haina harufu,” alikuwa akisema. “Batu banakuya juu ya harufu.”

Kwa hiyo tuliendelea na kikapu. Siku moja alirudi na mafuta ya limau, akayamimina kwa haraka kwenye kikombe cha kile kitu cheupe chepesi kama povu lililokauka, wanachouzia chai barabarani. Mafuta ya limau yana tabia ya kula kitu kile. Madame alikuwa katikati ya kutueleza jinsi limau linavyong’arisha uso pale kikombe kilipoanza kulia kama mahindi ya moto, kisha tako lake likatoweka, na limau lote likashuka kwenye viatu vyake. Papa Donatien alisubiri kwa heshima mpaka pakawa kimya. Halafu akasema, kwa sauti yake ya maabara, kwamba limau la dukani lina tatizo la pili pia: mtu akilipaka akatoka juani, linaweza kumuunguza ngozi ikabaki na madoa. Viatu havikuwa na shida hiyo, alisema, kwa kuwa vilikuwa vyeusi.

Kisha ikaja habari ya midomo. Madame alitaka dawa ya kulainisha midomo kwa msimu wa kiangazi, vumbi linapotupasua sote. Alitia mafuta ya mdalasini kwa sababu yananukia sikukuu. Papa Donatien alikuwa amekwenda Kakanda kwenye msiba wa shemeji yake, na kabla hajarudi, vikopo vya kwanza vilikuwa vimekwisha kununuliwa na bendi ya tarumbeta ya parokia, watu ambao midomo ndiyo kazi yao. Walijipaka vizuri asubuhi ya maandamano ya Jumapili. Mdalasini ni mkali. Midomo iliwavimba wote kwa pamoja kama watu wa ukoo mmoja. Wimbo wa kuingilia ulianza. Tarumbeta zikatoa sauti ya mbuzi anayepandishwa lori asilolitaka, na mpiga ngoma, ambaye hakuwa amejipaka, alibaki peke yake akitembea mbele kwa aibu. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, midomo ilirudi mahali pake, lakini parokia nzima ilijua dawa imetoka wapi.

Madame Georgette aliapa mbele yetu kwamba hakuna kitu kitakachotoka mlangoni kabla hakijapakwa kwenye mikono yetu sote, sehemu laini ndani ya kiwiko, na kungojewa. Alitimiza. Tangu siku hiyo mikono yetu ilikuwa shamba la majaribio. Mume wangu alisema hajui ananishika mkono au anashika soko.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote, ambayo watu wa Likasi wanaisimulia vibaya, na nataka muipate kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Aliyekuwa akijaza chupa zetu wakati huo ni Solange, mpwa wa Madame, msichana mrefu, mtulivu, mwenye mkono usiomwaga kitu. Solange alichumbiwa na kijana mwema, fundi umeme. Shida haikuwa kijana. Shida ilikuwa mama yake. Mama Bernadette alikuwa na meza kubwa sokoni, akiuza krimu za kutoka nje, zenye picha za wanawake wanaotabasamu bila sababu. Kwake, losheni iliyopikwa kwenye sufuria Panda ilikuwa matusi. Siku ya kupokea mahari alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba bibi harusi anakaribishwa, lakini vitu vyake vya chupa vibaki kwao. Hakuna ngozi ya nyumba yake itakayoguswa na chakula cha sufuria. Solange aliinamisha macho. Kesho yake alikuja kazini akajaza chupa kama kawaida, ila niliona anazifunga vifuniko kwa nguvu isiyo ya lazima.

Baadaye aliniambia anachotaka. Alitaka siku ya harusi yake, yeye na wasichana wote wa kumsindikiza wapakwe losheni aliyoitengeneza mwenyewe, waingie kanisani waking’aa, na mama mkwe aone. Na alitaka kumpelekea mama mkwe chupa kubwa kuliko zote, yenye utepe, kama zawadi. Nilimuuliza kama ana hakika. Aliniambia anakwenda kuishi na yule mama maisha yake yote, na hawezi kuanza kwa kuficha kazi yake kama kitu cha wizi.

Madame Georgette alitaka harufu iwe lavenda. Lakini lavenda ilikuwa imekwisha dukani, na kwenye rafu palibaki mafuta ya mchaichai, majani yale tunayochemsha kwa chai na kuyaita sitroneli. Solange aliyanusa akayapenda. Safari hii tulifuata kila sheria. Tone kwenye karatasi: halikuacha doa. Mizani: kiasi kidogo, nusu ya alichotaka Madame. Viwiko: tulijipaka sote, tukangoja, tukaangaliana mikono kama watu wanaocheza karata. Hakuna aliyewashwa. Papa Donatien alikubali itoke. Alisema tu kwamba harufu ile inamkumbusha marehemu baba yake, wala hajui kwa nini. Tulimwonea huruma, tukafunga utepe.

Chupa ilipelekwa. Jibu lilirudi kwamba Mama Bernadette ameipokea na ameiweka chooni, ya kusafishia sakafu.

Harusi ilikuwa mwanzoni mwa mvua, siku ya jua zuri kati ya mvua mbili. Misa ilikwenda vizuri, na bendi ya tarumbeta ilipiga kwa midomo yenye afya. Tulipotoka nje kwa picha, Solange na wasichana wake waling’aa kweli, na niliwasikia wanawake wakiulizana wamepaka nini. Mama Bernadette alisimama pembeni kidogo kwenye kivuli, ndani ya kitambaa cha zambarau na kilemba kirefu kama mnara wa kanisa, akitazama mbali.

Nyuki wa kwanza walikuja wachache. Wasichana waliwapungia karatasi za misa na kucheka. Kisha tukasikia mvumo, kama mtambo wa zamani unaowashwa upande wa pili wa mji, na wingu la kahawia likatokea juu ya paa la kanisa. Lilikuwa kundi zima linalohama. Watu walikimbia kila upande. Kwaya iliingia kwenye gari ambalo halikuwa lao. Wingu lilipita juu ya wasichana, likawazunguka kama mtu anayechagua nyanya sokoni, likawaacha. Likaenda moja kwa moja kivulini, likashuka, likatulia juu ya kilemba cha Mama Bernadette, mpaka kilemba cha zambarau kikawa kilemba cha nyuki.

Mimi nilisimama bila kuelewa. Madame Georgette, aliyekuwa kando yangu, alinyoosha pua yake upande ule, akanusa, kisha akanishika mkono. Aliniambia polepole kwamba yule mama amejipaka losheni yetu. Si mikono tu. Amejipaka mwili mzima, na zaidi ya hapo, amepaka nywele.

Mama Bernadette hakupiga kelele. Lazima nimpe haki yake. Alikaa taratibu kwenye kiti cha mpiga picha, akaweka mikono magotini, akafumba macho. Papa Donatien alikuwa wa kwanza kumsogelea, na usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyepata jibu la swali la miaka mingi. Alituambia baadaye kwamba pale ndipo alipokumbuka: baba yake alikuwa akitundika mizinga msituni upande wa Kakanda, na kabla ya kutundika mzinga mpya alikuwa akiusugua ndani kwa majani ya mchaichai, ili nyuki waingie wenyewe. Aliinama mbele ya Mama Bernadette akasema asijitikise. Nyuki wanaohama wameshiba asali, hawana hamu ya vita, wanatafuta nyumba tu.

“Benye banafikiri weye iko nyumba yabo, Mama,” alisema.

Mama Bernadette alisema kwa meno yaliyofungwa kwamba yeye si nyumba ya mtu.

Papa Donatien aliomba boksi na losheni iliyobaki kwenye mikoba ya wasichana. Boksi lililopatikana ni la keki. Tulilipaka ndani losheni yote ya Solange. Ilibidi mtu alishike juu ya kilemba, mdomo ukiwa chini, bila kutetemeka, mpaka nyuki wapande humo wenyewe. Mikono ya Papa Donatien ilikuwa ya uzee, na mimi nilikwisha kurudi nyuma hatua tatu. Bwana harusi alijitolea, lakini alikuwa mfupi. Ndipo Solange alipomkabidhi mtu shada lake, akafunga shela kiunoni kama mama anayekwenda kisimani, akachukua boksi.

Alisimama mbele ya mama mkwe wake, uso kwa uso, mikono juu. Mimi nilipewa kazi ya kushikilia kiti, ndiyo maana nilisikia. Nyuki walianza kupanda, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu, kama waumini wanaochelewa. Mama Bernadette alifumbua macho.

“Weye njo ulitia hii harufu?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Ndiyo, Mama. Minye mwenyewe.”

“Ulitia mingi.”

Solange hakuteremsha boksi. “Nilitia kidogo, Mama. Weye njo ulipakala mingi.”

Nilifikiri harusi imekwisha pale. Kisha niliona kitambaa cha zambarau kinatikisika tumboni. Mama Bernadette alikuwa anacheka, lakini anacheka kwa tumbo peke yake, ili kichwa kisicheze. Machozi yalimshuka na hakuthubutu kuyafuta. Solange naye akaanza, akiuma midomo, boksi likitetemeka hewani, na Papa Donatien akiwasihi wote wawili waheshimu nyuki. Alipoweza kusema tena, Mama Bernadette alimwambia mkwe wake kwamba alipaka kidogo tu usiku wa kwanza, kuona ubaya wake, na asubuhi ngozi ya miguu yake ilikuwa kama ya msichana. Tangu hapo alikuwa akiifungia chooni ili wanawe wasimmalizie.

“Usiambie batu,” alisema.

Solange alimwambia hataambia mtu. Mimi nilitazama ardhi kama mtu aliyeshika kiti tu.

Boksi lilipojaa, Papa Donatien alilifunga kwa kitambaa na kuondoka nalo kwa hatua za padri aliyebeba sakramenti. Hakuna aliyeumwa ila Madame Georgette, aliyesogea kunusa boksi kwa karibu. Aliumwa puani. Pua ilivimba ikawa na ukubwa unaolingana na sifa zake, na kwa siku nyingi hakuweza kunusa chochote. Katika siku hizo tulitengeneza losheni bila mtu wa kusema ongeza, ongeza kidogo, ongeza tena. Na wateja walisema haijawahi kuwa nzuri vile. Papa Donatien alimwekea Madame mezani, mbele ya pua ile, anwani ya muuzaji wa Lubumbashi mwenye karatasi za uchambuzi. Muuzaji huyo aliandikiwa wiki hiyohiyo.

Kikao cha kujadili kosa letu kilikuwa kifupi. Tulipitia kila hatua na hatukuona sheria tuliyoivunja. Papa Donatien ndiye aliyefunga mjadala.

“Tulipima batu,” alisema. “Hatukupima banyuki.”

Mchaichai tuliuhamishia kwenye sabuni, inayosuuzwa kwa maji na kwisha. Nyuki, Papa Donatien aliwaweka nyuma ya nyumba yake, na kila mwaka alituletea asali kwenye chupa zetu wenyewe, jambo lililotuletea matatizo makubwa siku mbili tatu mpaka tulipojifunza kuzitenga kwenye rafu.

Papa Donatien hayupo tena, Mungu amrehemu. Solange sasa ndiye anayewasimamia ninyi, na mnaona jinsi anavyowatazama viwiko. Na Mama Bernadette, ambaye siri yake niliitunza mpaka alipoanza kuisimulia mwenyewe sokoni, anasema nyuki walimchagua kwa sababu ya ngozi yake. Alianza kuuza losheni zetu chini ya meza, kwa watu anaowajua. Kisha juu ya meza, nyuma ya zile za nje. Wale wanawake wa kwenye picha bado wanatabasamu hapo, lakini wamesukumwa pembeni.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa nafuta mizani alipoingia Mama Bernadette, fimbo mkononi, akakaa bila kukaribishwa. Alilalamika kwamba losheni ya mwezi huu ni nzito, harufu yake ni dhaifu, utepe hauna maana, na kwamba ninapoondoka kila kitu kitaharibika zaidi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama ninavyowaomba mumsikilize kila mteja wa namna yake. Nje jua lilikuwa linaingia kupitia mlangoni na kumwangukia miguuni, na miguu ile, katika umri ule, iling’aa kama sahani iliyooshwa. Nilimfungia chupa mbili. Alisema moja haitoshi, mbili ni za kuanzia tu, akaniomba ya tatu.